Majivu Kwenye Boneti

Gari liliingia yadi yetu ya kuosha magari Jumanne asubuhi likiendeshwa na jirani, na MaNgidi amekaa peke yake kiti cha nyuma, nguo nyeusi toka kichwani hadi miguuni. Aliposhuka alisimama kando, mbali na wateja wengine, kama wajane wanavyofanya kwetu KwaNdengezi, akaongea kwa sauti ya chini hata ikabidi nimsogelee.

"Dada, wewe ndiye unayeondoa madoa?"

"Ndiyo, mama."

"Haya yametushinda."

Lilikuwa Corolla jeusi la marehemu mumewe, Vilakazi. Chini ya kila dirisha kulikuwa na michirizi ya kijivu iliyoteremka milangoni, na kwenye boneti madoa yalikuwa yamesambaa upana wa sinia.

Mondli, mwenye yadi, akaja akifuta mikono kwenye suruali. Mondli hawezi kuona gari bila kulitania. "Hee! Hili limelia mpaka kamasi. Nani kalipiga?"

Nilimkanyaga mguu, lakini neno lilikuwa limeshatoka. MaNgidi aligeuza uso.

"Ndivyo anavyosema shemeji yangu," alisema. "Kwamba gari linalia. Kwamba ni marehemu mwenyewe anayemlilia aliyemuua, yaani mimi."

Vilakazi alianguka kazini, moyo. Hospitali iliandika hivyo. Lakini karatasi ya hospitali haikuwa kitu mbele ya Bhekani, mdogo wake, na Jumamosi ukoo ungekutana.

"Wakiyakuta madoa, narudishwa Nquthu kwa baba yangu," MaNgidi alisema. "Watoto wanabaki. Wanasema ni watoto wa Vilakazi, siyo wangu." Aliyasema kama mtu anayesoma tangazo ukutani.

"Yatatoka, mama," nikamwambia. Chuoni tulifundishwa tusiahidi kabla ya kupima. Nilimwonea huruma, nikaahidi.

Niliosha. Nikapitisha udongo laini wa kunasa uchafu, nikapiga polishi nyepesi, kisha nzito. Madoa yalififia, nikashukuru, lakini kila nilipofuta mafuta ya polishi, madoa yalikuwa palepale. Hayakukaa juu. Yalikuwa yameila klia, lile tabaka angavu linalofunika rangi.

Jumatano, nikisafisha mipira ya madirisha kwa mswaki, nilitoa ungaunga wa kijivu. Nikaulowesha kidogo, nikausugua kati ya vidole. Ukateleza kama sabuni. Majivu ya kuni.

Msiba ukiingia kwetu, madirisha ya nyumba hupakwa majivu, na hayaguswi mpaka mazishi yapite. Nimeyaona madirisha hayo tangu nikiwa mtoto. Sikuwahi kuona mtu akilipaka gari.

MaNgidi alipokuja Alhamisi kuangalia, nilimuuliza.

"Ni Bibi," akasema. Alimaanisha MaShezi, mama mkwe wake. "Alimaliza nyumba, akatoka nje na beseni. Akasema, hiki nacho ni chumba cha mwanangu, alikaa humu zaidi kuliko alivyokaa na sisi. Akapaka vioo, akapaka na boneti kwa mkono. Likakaa juani siku kumi na moja."

"Basi ni hayo, mama. Majivu, umande na jua. Yamechoma klia. Hakuna anayelia."

Aliweka kiganja mdomoni. "Lakini majivu tunasugulia sufuria!"

"Sufuria haina klia."

Kwa mara ya kwanza nilimwona anakaribia kucheka. Kisha kicheko kikamzimika usoni.

"Jumamosi usiseme, dada. Nakuomba."

"Lakini mama, ndicho kitu chenyewe kitakachokuokoa."

"Bibi ndiye pekee pale aliye upande wangu. Ndiye anayelala na watoto wangu. Nikimtaja mbele ya wanawe, nitakuwa nimemgeuka. Yatoe tu. Yakitoka, hakuna wa kuulizwa."

Nikakubali.

Ijumaa Mondli alipitisha kipimo cha unene wa rangi. Milangoni aliitikia kwa kichwa, ameridhika. Kwenye boneti alikirudia mara tatu.

"Hii imeshasuguliwa sana zamani. Klia iliyobaki ni ganda la kitunguu. Mpe na kivuli cha doa, aende."

"Kivuli ndicho watakachokitazama."

"Basi mimi sijakuona." Akaenda kununua mkate na maharage.

Nilichukua msasa laini kuliko yote, nikaulowesha, nikasugua milango kwa mkono, taratibu, kisha nikaipiga polishi. Ilitoka safi mpaka mawingu yakaonekana ndani yake. Boneti nayo ikaanza kutii. Saa tisa lilikuwa limebaki doa moja, ukubwa wa kiganja. Nikaliangalia kwa taa, ubavuni, nikaona nikipita mara moja tu linakwisha.

Nikapita. Sponji nyeupe ya mashine ikatoka nyeusi.

Klia haina rangi. Sponji ikishika rangi, umeshaipita. Nilizima mashine. Katikati ya boneti palikuwa na praima, ile rangi ya chini kabisa, kijivu, imekodoa. Nilimpigia simu fundi wa rangi ninayemjua; akasema hawezi kabla ya Jumatatu. Nilikaa kando ya bomba mpaka Mondli aliponikuta, naye hakutania.

Jumamosi nililipeleka mwenyewe nyumbani kwa kina Vilakazi. Wanaume walikuwa wamekaa kwenye viti uani, Bibi MaShezi kwenye mkeka karibu yao, na MaNgidi nyuma kabisa, mlangoni, binti yake mdogo amemwegemea magotini. Bhekani alilizunguka gari mara moja. Alipofika mbele akasimama.

"Njooni muone! Hata mashine imeshindwa. Limetoboka."

"Ni mimi, baba," nilisema. "Nimesugua kupita kiasi."

"Wewe nani?"

"Fundi."

"Fundi, ulikuwa unasugua nini?"

MaNgidi hakuruhusiwa kusema mbele ya wanaume. Alininyanyulia macho mara moja tu, nami nilijua ananiambia nini. Lakini mzee mmoja alikuwa ameshasema "basi, mambo yako wazi," na wifi wa MaNgidi alikuwa anatoka ndani na mfuko wa nguo, nguo za MaNgidi zikichungulia juu. Niliuona ule mfuko.

"Majivu," nikasema. "Yale ya msiba. Yalipakwa kwenye gari, yakachoma rangi. Majivu yoyote yangefanya hivyo."

Bibi MaShezi akainua uso.

"Majivu nilipaka mimi," akasema. "Mikono hii."

Nilidhani tumepona. Wazee walitazamana, mmoja akakohoa, akaanza kusema "labda..." Bhekani akachuchumaa mbele ya mama yake, akamshika goti. Sauti yake ilikuwa ya upole.

"Mama, hayo majivu uliyatoa wapi?"

"Jikoni, mwanangu. Wapi kwingine?"

"Uliyachota mwenyewe?"

Bibi hajui kusema uongo. "Mkwe wangu alinichotea. Alinishikia beseni."

Bhekani akasimama.

"Wazee, mmesikia. Majivu gani yanakula gari? Alichanganya nini humo, akampa mama yetu apake kwa mikono yake?"

"Hakuchanganya kitu!" nilisema. "Ni majivu tu, baba, niletee majivu ya jiko lolote nikuoneshe..." Lakini sauti yangu ni ndogo hata siku ya kawaida, na wote walikuwa wanaongea. Mtu mmoja alinishika bega, akanielekeza geti.

Bibi alikuwa anaviangalia viganja vyake. Akavigeuza. Akavinusa. Kisha akamtazama MaNgidi pale mlangoni, kwa muda mrefu, na nikaona shaka inaingia usoni mwake, polepole.

"Njoo huku, mjukuu wangu," akamwita yule mtoto. "Kaa na mimi."

Mtoto alimtazama mama yake. MaNgidi alimwachia mkono. Mtoto akavuka uani mbio, akakaa kwenye mkeka, na Bibi akamfunika na shali.