Kina Mansuri wa Mbali

Matanga ya babu yake mzaa mama, mzee Rwegoshora, yalipokwisha, Deodatus Mansuri aliitwa uani. Alimkuta mjomba wake Kaijage ameketi na wazee wa ukoo.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Keti, mpwa wangu." Kaijage alikohoa. "Baba amekwenda. Kibanja hiki, shamba na nyumba, sasa ni cha wanawe wa kiume na wajukuu wake kwa wana hao. Wewe umekulia hapa, hatukukunyima kitu. Lakini mtu ana kwao. Nenda kwa kina Mansuri."

Deodatus alicheka kidogo, akidhani ni utani wa mjomba na mpwa. Hakuna aliyecheka naye.

Kwao alikokujua ni hapo hapo Nyakasimbi. Baba yake, Mwarabu mmoja mnunuzi wa kahawa, aliondoka yeye akiwa bado tumboni. Mama yake, Auleria, hakuachiwa kitu ila jina, naye akampa mtoto jina hilo. Kila redio ilipomtaja Mansuri, alimwita mwanawe mbio. Mansuri amefunga bao Misri. Mansuri amekuwa jaji. Mansuri wa Lebanoni ametunukiwa kwa vitabu vyake. "Sikiliza, hao ni ndugu zako," alikuwa akimwambia, na mtoto akakua akiamini ana ukoo mkubwa unaomngoja mahali. Auleria alipofariki, alizikwa pale pale kibanjani, kati ya migomba. Deodatus akaendelea kupalilia mibuni aliyoipanda kwa mikono yake, wala hakuwahi kujiuliza ni ya nani.

Siku zile zile habari zikafika kwamba daktari bingwa wa macho, Daktari Mansuri, mtu mwenye sifa nchi nzima, yuko Kayanga akitibu watu. Edith, mke wa Deodatus, alimpigia pasi shati la kanisani.

"Mweleze tu ukweli," alimwambia. "Damu nzito kuliko maji."

Deodatus alikwenda, akangoja mpaka mgonjwa wa mwisho alipotoka. Daktari alikuwa mzee mpole, macho yamechoka. Alimsikiliza bila kumkatiza, kisha akauliza, "Baba yako hasa aliitwa nani?"

"Mansuri."

"Mansuri bin nani? Mtu wa wapi?"

"Mama aliniambia Mansuri tu."

"Ndugu yangu, sisi si ukoo. Ni jina tu, na wenye jina hili wametapakaa kuanzia Moroko hadi Iraki. Yule mchezaji simjui. Yule jaji tulikutana mara moja, tukacheka kwamba tumefanana majina, basi, kila mtu akashika njia yake. Na huenda hilo ndilo jina alilopewa baba yako alipozaliwa, la ukoo wake likawa jingine kabisa."

"Kwa hiyo hakuna pa kuuliza."

"Mimi sipaoni."

Daktari aliagiza chai. Deodatus akainywa, maana kukataa kungekuwa utovu wa adabu.

Aliporudi, miti ya mipaka ilikwishapandwa, na mibuni yake ilikuwa upande wa binamu yake. Alikwenda moja kwa moja kwa mjomba.

"Mibuni chukueni. Ninaomba kitu kimoja. Nikifa, mnizike kando ya mama."

Kaijage aliinamisha kichwa. Hakuwa mtu katili; ndiye aliyembeba mgongoni akiwa mdogo. "Ukizikwa hapa, wanao watakuja kulia kaburini, kisha watadai shamba. Siwezi, Deo. Hata wanangu haliwatoshi."

Deodatus na mkewe walihamia Kyerwa, naye akawa kibarua katika shamba la mtu aitwaye Nshimiyimana, aliyewapa kibanda na ardhi kidogo ya kuzunguka nyumba. Alifanya kazi vizuri na hakugombana na mtu. Ila kile kipande cha ardhi hakukigusa, magugu yakapanda mpaka dirishani.

"Panda walau mgomba mmoja," Edith alimsihi mvua zilipoanza. "Nshimiyimana ameturuhusu."

"Nimpandie nani?"

Edith alichukua jembe, akaanza kufyeka peke yake huku mvua ikimnyeshea. Deodatus alikaa mlangoni akimtazama, na hakuinuka.