Jumapili Tunasoma

Nilipomaliza kitabu cha tisa cha Kachero Shebe nilikasirika kweli. Mwandishi kamwozesha Shebe, kamfungulia duka la vipuri, basi, hadithi imekwisha. Miaka miwili nafundisha Kibondo, mimi mtoto wa Pangani, na jioni zangu zote nilikuwa nazipeleka kwa Shebe. Sasa niende kwa nani? Nikajiapiza: nisipopata mfululizo mwingine, muhula ukiisha narudi kwetu na ualimu naacha. Upweke ulikuwa umenifika hapa.

Nilidandia lori mpaka Kasulu nikapekua meza ya vitabu sokoni. Mfululizo wa mapenzi ulikuwepo, ila cha kwanza hakipo, na mimi sianzi katikati. "Mapenzi ni yale yale, mwalimu, anzia popote," muuzaji akanicheka. Nikaondoka nimenuna.

Basi mwalimu mwenzangu Pasikali, Muha wa Kasanda, akaniambia, "Jumapili kwa Mzee Ndayikeza huwa tunasoma. Njoo." Kumbe mji huu una wasomaji na wananificha! Nikatia vitabu vyangu vyote mfukoni, nikabadilishane.

Nikakuta wazee wamekizunguka chungu cha pombe ya ndizi, kila mmoja na mrija wake. Nikauliza vitabu viko wapi. Pasikali alicheka mpaka akashika mbavu. Kwao neno kusoma lina kazi mbili: unasoma kitabu, na unasoma pombe, yaani unapiga funda. Walikuwa wanasoma tangu misa ilipoisha. Na mimi Abdalah, ambaye hata harufu yake siitaki, nimesimama pale na mfuko wangu. Nilitamani ardhi inimeze.

Mzee Ndayikeza, aliyehamia toka Burundi zamani na sasa ni mkulima wa hapa hapa, akawanyamazisha. Akamwita Vestina, binti wa ndugu yake, aliyekimbia vita mwaka tisini na tatu akaja kuishi naye. "Mwanangu, mpe mwalimu chai. Naye ni mtu wa vitabu kama wewe."

Vestina alileta chai huku jicho liko kwenye mfuko. Tukakaa kando, akachungulia Shebe mmoja mmoja, kisha akaingia ndani na kutoka na vitabu vitano vimefungwa kamba. Aliachiwa hapa Kibondo na padri mmoja aliyehama. Vilikuwa vya Kifaransa, kisa cha msichana aitwaye Solange, sehemu ya pili mpaka ya sita.

"Cha kwanza kiko wapi?" nikauliza.

"Kilibaki kwetu Ruyigi, mezani. Sikukimaliza. Solange katumbukia mtoni, hajui kuogelea. Hapo nikasikia watu wanakimbia, na mimi nikakimbia."

"Na hivi hujafungua hata kimoja?"

"Sianzi katikati," akasema. Halafu, taratibu: "Nikifungua nikakuta amekufa, je? Waliokufa wananitosha, mwalimu."

Nikaona haya kwamba nimenuna wiki nzima kwa ajili ya duka la vipuri.

"Nisimulie hicho cha kwanza," nikamwambia. "Kifaransa sijui hata salamu, na wewe umeshaniingiza. Huwezi kuniacha mlangoni."

Akasimulia, Kiswahili kikimpotea akichomeka Kirundi, na Pasikali kule chunguni akinitafsiria bila kuombwa. Alipofika mtoni akaishia hapo.

"Haya, tuchague," nikasema. "Twende na Solange, au nikupe Shebe? Shebe hafi, nakuhakikishia. Anaoa tu."

Alicheka kidogo, akavitazama vitabu vyangu kwa muda mrefu. Nilijua akichukua Shebe mimi nitarudi nyumbani mikono mitupu, lakini sikutaka kumsukuma.

Akafungua kamba. Kurasa za sehemu ya pili zilikuwa zimegandana, akazibandua kwa kucha. Akausoma mstari wa kwanza kimya kimya, midomo inacheza, kisha akaurudia. Chai yangu ilikuwa imepoa.

"Mstari unasemaje?" nikauliza.

Akajifuta macho kwa pindo la kitenge.

"Unasema Solange aliamka na njaa."