Damu ya Kwao

Mama Sefania, jirani wa kule Magamba, anadai aliona kwa macho yake mawili. Anasema alikuwa anakata majani ya ng'ombe, akamwona Rukia amechuchumaa katikati ya matuta ya njegere, kikombe cha dawa ya majani mkononi, mara damu ikamshuka mpaka kwenye kandambili. "Mimba ile," anasema. "Kaitoa. Nisingeona ningenyamaza." Na kwa vile kunyamaza hajui, jua halijazama habari ilikuwa imeshamfikia Twaha, mume wa Rukia.

Majani yalikuwa kweli, ni chai. Damu ilikuwa kweli, ni ya mwezi, ile inayokuja na maumivu ya kumkunja mtu kama nguo inayokamuliwa. Mimba ndiyo haikuwepo. Haijawahi kuwepo tangu aolewe.

Twaha hakumpiga wala hakufoka. Angefoka ingekuwa nafuu. Alisema tu, "Ijumaa wazee wanakuja. Kama una la kujitetea, uje nalo. La sivyo urudi kwenu."

Asubuhi Rukia akashuka hospitali, Lushoto mjini. Nesi Maryam alishawahi kumwambia wapo watafiti wanaochukua damu za wanawake wenye maumivu kama yake. Akamkalisha, akamweleza polepole. Upo ugonjwa, nyama inayofanana na ile ya ndani ya mji wa mimba inaota nje, mahali pasipo pake, na kila mwezi inavuja humo humo, hata mimba huweza kuchelewa. Kuuthibitisha mara nyingi ni mpaka mtu apasuliwe, achunguliwe. Sasa wanatafuta alama za urithi kwenye damu, ili siku moja tone dogo litoshe kusema.

Rukia akatoa mkono, damu ikachukuliwa.

"Haya, nipe karatasi nimpelekee mume wangu."

"Karatasi hakuna, mdogo wangu. Bado wanatafuta. Damu yako itawafaa wa mbele huko."

"Na mimi?"

Maryam akambandika pamba, akaibonyeza muda mrefu kuliko ilivyohitajika. "Kwenu yupo mwingine aliyeumwa hivi? Mama? Dada? Huu ugonjwa mara nyingine hufuata ukoo."

Rukia akasema hakuna. Alishafika mlangoni ndipo akakumbuka. Alimwona mama yake, Bi Rahma, zamani, amelala kifudifudi juu ya gunia, chumvi ya moto imefungwa kwenye kitambaa chini ya tumbo, akiwaambia watoto ni mgongo. Kila mwezi mgongo. Na kati yake Rukia na mdogo wake Yusra, miaka tisa mitupu.

Hakurudi Magamba. Akapanda gari la Soni, kwa mama yake. Akamkuta uani na ungo, anachagua mchele wa harusi ya Yusra.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mbona umekonda, au huko Magamba mnakula ukungu?"

Rukia akacheka kidogo, kisha akaeleza yote. "Njoo Ijumaa, mama. Waambie tu kwamba na wewe uliumwa hivi. Twaha anakuheshimu. Neno lako atalishika."

Mama akatazama jikoni, Yusra alikokuwa anaimba huku akiosha vyombo. Akashusha sauti.

"Posa ya mwenzio imeshapokelewa. Mama mkwe wake na shangazi yake Twaha wanauza plamu meza moja hapo sokoni. Nikisema Ijumaa, Jumamosi mkwe anajua. Atasema ukoo wetu una tumbo bovu. Nani atamchukua huyu?"

"Na mimi nikirudishwa?"

"Wewe angalau umeshaolewa."

Alilisema bila ubaya, kama mtu anayegawa ugali usiotosha, akaanza na mdogo. Ndiyo maana Rukia alishindwa hata kukasirika. Alitazama tu mikono ya mama yake ikitoa chuya moja moja, akajua maumivu yale yanajulikana hapa vizuri kuliko hospitali.

Akasogea, akakaa naye kwenye mkeka.

"Basi usiseme kitu, mama. Njoo tu ukae pembeni yangu. Wakiniuliza, nisiwe peke yangu."

Mama akauinua ungo, akaanza kupepeta. "Ijumaa saa ngapi?" akauliza.