Jina Kwanza

Rekoda ilikuwa juu ya boneti ya Landrova, na sauti ya Severina ilitoka humo huku nyumba yake ikiungua. "Mimi Severina Kalinga, binti wa Danieli, wa hapahapa Lyamadende. Nasema sihami mpaka mahindi yangu yaingie ghalani." Mkuu wa mgambo akabonyeza kitufe.

"Severina Kalinga! Pita mbele."

Akapita. Rungu la kwanza lilimpata begani, la pili mdomoni.

Mimi ndiye niliyewafundisha wanakijiji kusema hivyo. Nilikuwa mwalimu wa elimu ya watu wazima, nimetoka Tukuyu na chaki zangu na rekoda ile, kijana niliyejiona nimesoma nikamaliza. Waliipenda mno. Kila aliyesema nilimrudishia sauti yake, darasa likacheka, kisha akasema tena, safari hii vizuri zaidi. Mwaka wa sabini na nne ikaja amri ya kuhamia kijiji kipya kando ya barabara, mahindi yakiwa bado mabichi shambani, na midahalo yetu ikapata mada. Nikawafundisha kukataa bila kunyanyua mkono: kaeni milangoni, toeni hoja zenu, basi. Barazani kwao msemaji hutaja kwanza jina lake, la baba yake na kwao. Nikawaambia wafanye hivyohivyo mbele ya rekoda. Neno lisilo na mwenyewe ni umbea, nilisema, nikijisikia kweli.

Siku ile walikaa. Mgambo waliwasha mapaa ya nyasi, wakawaburuta watu kwa miguu, na hakuna aliyenyanyua mkono. Mzee Danieli, baba yake Severina, alikanyagwa mbavu akiwa ameng'ang'ania kizingiti chake.

Nilisimama kando, rekoda begani. Moto ulikuwa hatua tatu tu kutoka nilipo. Nilijua kilichomo kwenye tepu. Lakini niliwaza kwamba rekoda ile ni mali ya ofisi na nimeisainia. Naona aibu kuandika hivyo, ila ndivyo nilivyowaza. Nilipokuwa bado nawaza, mgambo mmoja akaipokonya.

Majina kumi na moja yaliitwa. Mzee Danieli alipigwa akiwa amelala, na jua lilizama akiwa amekwisha kufa.

Mwishoni mkuu wao akanigeukia. "Na wewe? Mbona humu husikiki?"

"Mimi nabonyeza vitufe tu, afande."

Akacheka, akanirudishia rekoda na tepu yake ndani.

Miaka mitatu baadaye nilimkuta Severina sokoni Iringa, nyuma ya fungu la nyanya. Meno mawili ya mbele hakuwa nayo. Nilitaka kupita kimyakimya.

"Kamwene, mwalimu," akanisalimu kwa lugha ya kwao. "Sauti ya baba bado unayo?"

"Ninayo."

"Basi nataka kuisikia."

Kesho yake akaja chumbani kwangu na kikapu cha nyanya, kana kwamba ni yeye aliyenikosea. Nikawasha. "Mimi Danieli Kalinga, mwana wa Fulugensi, wa hapahapa Lyamadende..." Alisikiliza akiwa amefumba macho, machozi yakimtiririka hadi kidevuni. Mimi nililia waziwazi.

Sauti ilipokwisha hakuinuka. Akanyoosha mkono, akabonyeza kile kitufe chekundu cha kurekodia alichoniona nikibonyeza mara nyingi darasani, akaisogeza rekoda mpaka magotini pangu.

"Haya, mwalimu. Jina kwanza."

Nikataja jina langu, la baba yangu na kwetu.