Sentensi Moja Kuhusu Chura

Dada yangu aliandika habari za viumbe gazetini kwa miaka ishirini na miwili. Wenzake walimwita Mama Wadudu, na jina hilo alilipenda kuliko alilopewa na wazazi wetu. Kona yake ilitoka kila Jumamosi, chini ya chemshabongo, na mradi anayo kona hiyo, hakuwa na habari na mtu. Angeweza kutambaa matopeni kutwa nzima kwa ajili ya konokono, kisha aje kwangu viatu vimelowa chapachapa, anisimulie mpaka chai ipoe.

Rafiki yake mkubwa alikuwa mtafiti wa vyura, mzee mkimya, mjane. Kwa miaka kumi na mmoja mzee huyo alikuwa akimtafuta chura mmoja tu, wa njano, mdogo kama ukucha wa kidole gumba. Wachungaji wa milimani walisema wamemwona, lakini hakuna mtaalamu aliyewahi kumshika. Chuoni wenzake walimcheka waziwazi. Asubuhi moja akampigia dada simu.

"Mwanangu, nimempata," alisema.

Dada akaenda. Akawaona kwa macho yake, thelathini na kitu, kwenye majani ya kijito kimoja chembamba. Mzee alizunguka bonde zima na hakuwakuta kwingine.

"Andika yote," mzee alimwambia, "ila mahali usipataje. Kuna watu wananunua viumbe kama hawa, wanawafuga kwenye masanduku ya vioo sebuleni."

"Mzee, si unanijua mimi?"

"Nakujua. Ndiyo maana nimekuita wewe."

Aliandika makala ambayo hajawahi kuandika mfano wake. Mhariri akaisoma hadi mwisho, akavua miwani.

"Tamu, lakini inaelea. Msomaji hajui amesimama wapi. Nipe kitu cha kushika, nikupe ukurasa wa mbele."

Ukurasa wa mbele! Hakuwahi kuugusa. Alibisha kidogo, mwenyewe aliniambia hivyo, kidogo tu. Kisha akaketi akaongeza sentensi moja: kwamba ukitoka kwenye daraja la chuma lililokatika, ni mwendo wa nusu saa kufuata maji. Hakutaja mlima wala mto. Alijiona hajasema kitu.

Makala ilisomwa kila mahali. Watu wasiomjua walimsimamisha barabarani wampe mkono, na mimi mdogo wake nilitembea kifua mbele. Wiki ya tano mzee akapiga tena simu. Safari hii hakusalimia.

"Njoo uone," alisema, akakata.

Nilimpeleka dada kwa gari mimi mwenyewe. Kijitoni tulikuta mawe yamepinduliwa, majani yamevunjwavunjwa, na ndoo ya plastiki imetupwa, mfuniko wake umetobolewa matundu ya hewa. Tulikaa siku tatu. Mzee alipita ukingo mzima kwa magoti, jani kwa jani, na sisi nyuma yake. Hatukuona hata mmoja.

Siku ya tatu dada akasema, "Mzee, ni ile sentensi yangu."

"Niliisoma," alijibu bila kumtazama. "Siku ileile ilipotoka. Nikajipa moyo kwamba labda hakuna atakayeielewa."

Laiti angemfokea. Aliinuka tu, akafuta matope magotini, akatangulia kwenye gari.

Tuliporudi, dada aliandika kila kitu: sentensi, ndoo, na jina lake mwenyewe kama mkosaji. Mhariri akasoma aya mbili.

"Mama Wadudu, nani anataka huzuni Jumamosi? Andika kwamba utafutaji unaendelea."

"Hauendelei. Wamekwisha."

"Basi niandikie vipepeo."

Dada akavua kitambulisho shingoni, akakiweka juu ya meza ya mhariri na kutoka. Ile makala aliipeleka kwenye magazeti mengine mawili. Hayakujibu.

Miezi saba baadaye ikaja bahasha nene. Ndani mlikuwa na jarida la kisayansi na maelezo rasmi ya chura yule, yaliyotokana na vyura wawili ambao mzee aliwahifadhi kwenye spiriti. Kumbe wiki ileile alipompata alikuwa amekwisha kumpa jina la kitaalamu na kulituma jaridani. Alikuwa amempa jina la dada yangu, kwa shukrani. Kwa kanuni za kazi yao, jina likishachapishwa halifutwi.

Dada alisoma ukurasa ule akiwa amesimama, kisha akanisukumia.

"Nimwambie nini?" aliuliza.

Alimpigia mzee mara nne siku ile, simu ikaita mpaka ikakatika. Mara ya tano hakupiga.

Siku hizi anasahihisha vitabu vya hesabu vya shule ya msingi, kwenye chumba kisicho na dirisha. Anasema kazi si mbaya. Akija kwangu anakunywa chai yake ikiwa bado ya moto, anaaga mapema. Nikimuuliza kama ameona chochote njiani, ndege, mjusi, chochote, ananitazama kama nimemtukana.