Jina la Kiziwa cha Knockavarra

Attracta Gilmartin alipata habari ile Jumapili, nje ya kanisa. Yule binti mchora ramani alikuwa ameshapanda mlima Knockavarra na Malachy Feeney wa upande wa kusini, na kile kiziwa cha kileleni kimeshaandikwa Ziwa la Ndama.

"La Ndama?" Attracta aliuliza. "Ndama gani?"

Upande wa kaskazini, tangu enzi za mababu, kiziwa kile ni Ziwa la Mfumaji. Hata alipokaa mfumaji mwenyewe panajulikana. Mawe ya nyumba yake bado yapo nyuma ya zizi la Attracta.

Knockavarra si mlima wa kutisha. Una mita mia nne na kidogo, na mgongo mpana kama wa ng'ombe aliyelala. Wageni huupita bila hata kuugeuzia shingo, wakikimbilia milima mirefu ya ufukweni. Lakini umewagawa watu. Maji ya kaskazini huteremkia kwenye maziwa ya bara, ya kusini hukimbilia Atlantiki, na watu nao vivyo hivyo: kila upande una mnada wake wa kondoo, kanisa lake na timu yake ya mpira. Barabara ya kuuzunguka hadi upande wa pili ni kilomita ishirini na sita. Kwa hiyo Attracta, pamoja na miaka yake sitini na tisa, alikuwa ameongea na Malachy labda mara kumi, na nyingi kati ya hizo ni kwa sababu ya kondoo waliovuka.

Alimpigia simu yule binti, Sorcha.

"Mwanangu, umedanganywa. Njoo nikuoneshe."

"Bi Attracta, nasikia umewekewa nyonga ya chuma."

"Nyonga ni yangu. Wewe njoo na kalamu."

Walipanda Jumanne asubuhi, wakifuata kijito. Attracta alikuwa na fimbo ya marehemu mumewe na chupa ya chai begani. Kwa miaka minne mlima aliutazama tu kupitia dirisha la jikoni, na alishangaa jinsi miguu ilivyokumbuka njia. Hapa unakanyaga jiwe, pale unazunguka kinamasi kwa kushoto, maana kulia kunameza mtu hadi kiunoni. Kila walipofika mahali alitaja jina lake kwa Kiairishi, na Sorcha akaandika: Bonde la Mbweha, Kitanda cha Mjane, Mtaro wa Siagi.

"Kwa nini wa Siagi?"

"Walikuwa wanaifukia humo isiharibike. Bibi yangu alisahau alipofukia ya kwake. Bado imo humo, sidhani kama inafaa tena kwa mkate."

Katikati ya njia, penye ukuta wa mawe unaotenganisha mashamba na nyika, nyonga ilianza kulalamika. Attracta akaketi. Sorcha akasema wanaweza kurudi, jina atalibadilisha tu.

"Ulibadilishe kwa maneno yangu? Halafu kesho Feeney akubadilishie tena?" Alijifuta jasho. "Nipe dakika tano."

Alizichukua ishirini. Kisha akainuka, akapanda polepole, akisimama kila hatua kumi kana kwamba anasifia mandhari. Walipotokea juu upepo uliwapiga usoni, na pale pembeni mwa kiziwa, juu ya jiwe, alikuwa ameketi Malachy Feeney na mbwa wake.

"Nilimwomba aje," Sorcha alisema, uso umemwiva. "Nilifikiri mtaelewana mkiwa hapa."

"Karibu, Attracta," alisema Malachy. "Nilidhani utaletwa na helikopta."

"Ningeletwa kama ningejua kuna mzee wa kuokolewa. Ndama wako yuko wapi?"

"Alizama. Ndiyo maana haonekani."

"Na mfumaji alifua sufu yake hapa miaka arobaini, hakuona pembe hata moja?"

Walivutana hivyo robo saa nzima, na Sorcha hakuandika neno. Attracta alitaja majina ya watu waliokufa zamani kuwa mashahidi, Malachy naye akataja wa kwake. Mwishowe mzee akawa anamkuna mbwa nyuma ya masikio.

"Mama yangu alizaliwa upande wenu," alisema. "Alitoka kwa akina Harte. Siku zote aliliita la Mfumaji. Baba alikuwa anamcheka mezani, na sisi watoto tukamcheka pia. Akaacha kulisema."

Attracta alimkumbuka kwa mbali yule mama wa akina Harte, mwanamke mrefu aliyekuja kwenye mazishi akarudi kwa miguu kupitia mlimani. Ushindi aliokuja kuutafuta sasa alikuwa nao mkononi, na hakuona pa kuuweka.

"Andika yote mawili," alimwambia Sorcha.

"Lipi litangulie?"

"La mama yangu," alisema Malachy, kisha akacheka. "La Mfumaji."

Walikunywa chai kwa zamu katika kikombe kimoja, wakala mkate wa magadi wenye nyama ya nguruwe. Ukungu uliokuwa umefunika mabonde ukapasuka, na upande mmoja yakaonekana maziwa, upande wa pili bahari ikimeta. Attracta alivuta pumzi na kujisikia vizuri kabisa, maumivu na yote.

Nyonga ilikataa kuteremka njia ile ile. Njia ya kusini haikuwa na mteremko mkali, basi wakashukia huko, naye Malachy akawarudisha kwa gari lake bovu lililonuka kondoo, kilomita zote ishirini na sita. Njia nzima waliongea juu ya madume ya kondoo na bei ya nyasi kavu. Walipofika, Attracta akamwambia aingie ale viazi kabla ya kurudi.

"Mke wangu ataniuliza nilikuwa wapi."

"Mwambie ulikuwa ng'ambo."

Malachy akavua mabuti yake mlangoni, akaingia.