Sauti ya Ghorofa ya Tatu

Victorine alikuwa fundi cherehani, mzaliwa wa Bukavu, na duka lake lilikuwa chumba kimoja mtaani Fordsburg, kusini mwa Afrika, nyuma ya muuza vitambaa. Simu yake ilipoibiwa mwezi wa tano alinunua laini mpya, akawapa wateja namba hiyo. Siku ya tatu alipigiwa na mwanamke asiyemjua, akiuliza kwa Kiingereza kama daktari yupo.

"Umekosea namba," Victorine alimjibu.

Wakapiga wengine. Kuna siku walipiga saba. Wote walinong'ona, wote walimtaka daktari. Hakuelewa mpaka alipokuwa amesimama kwenye robot, taa za barabarani, akingoja zibadilike, akaona karatasi ya rangi ya waridi kwenye nguzo: kutoa mimba, haraka, bila maumivu, siku hiyo hiyo. Chini yake ilikuwa namba yake mwenyewe, ile mpya. Nguzo ya pili nayo ilikuwa hivyo. Ukuta wa chini ya daraja ulijaa karatasi hizo mwanzo hadi mwisho, zimepangwa kama vigae.

Akajiambia kwamba laini ilikuwa ya mtu mwingine kabla yake. Hilo lilieleweka. Lakini alipogusa karatasi moja, gundi ilimnata vidoleni. Ilikuwa bado mbichi.

Alhamisi asubuhi, akiwa anakata kitambaa, simu ililia. Safari hii mwanamke aliongea Kiswahili cha nyumbani.

"Dada, nimefika. Niko ghorofa ya tatu, mlangoni, kama ulivyoniambia."

"Mimi sijakuambia kitu. Unamtafuta nani?"

"Si tuliongea jana mchana? Sauti ni hii hii. Ulisema nisile, nilete vitenge viwili, nisije na mtu yeyote."

Victorine aliangalia orodha ya simu zilizoingia. Namba ile ilikuwepo: jana, saa saba mchana, dakika nne. Saa saba ya jana yeye alikuwa mtaa wa Mayfair, akimpima gauni mteja wake mmoja, na simu alikuwa ameiacha ikichaji ndani ya duka. Aliporudi alikuta kufuli liko mahali pake.

"Niambie hilo jengo liko wapi," alisema. "Na usiingie. Hata wakikuita, usiingie."

Lilikuwa mtaa wa tatu kutoka dukani. Lifti ilikuwa imekufa, akapanda ngazi. Mwanamke alikuwa amesimama ukumbini na mfuko wa plastiki wenye vitenge. Aliitwa Clémentine, msusi wa nywele kutoka Uvira, mama wa watoto watatu, mume wake mlinzi huko Midrand. Nyuma yake mlango ulikuwa wazi nusu.

Victorine alichungulia. Kulikuwa na kitanda kilichofunikwa plastiki nyeusi na ndoo chini yake. Dirisha lilikuwa limebandikwa zile karatasi za waridi kwa ndani, kwa hiyo mwanga wote wa chumba ulikuwa na rangi ya nyama. Hakukuwa na mtu. Kulikuwa na mlango mwingine mdogo, umefungwa.

Akamshika Clémentine mkono. Hapo sauti ikatoka nyuma ya mlango ule mdogo, polepole, bila haraka yoyote.

"Mama Clémentine. Ingia. Usiogope."

Ilikuwa sauti ya Victorine. Ilikuwa na ule mkwaruzo mdogo aliobaki nao tangu alipougua koo utotoni, na hata ile tabia yake ya kusita kabla ya kutaja jina la mtu. Clémentine aligeuka kumtazama mdomoni. Mdomo ulikuwa umefumbwa.

Walishuka kwa kutembea hadi ghorofa ya pili. Kutoka pale walikimbia.

Barabarani Clémentine aliegemea gari la mtu, akihema. "Sijabadili nia," alisema. "Mimba ni ya wiki tisa. Mimi na mume wangu tumeongea, tumekubaliana. Usifikiri nimetishika nikaacha."

Victorine alikuwa mtu wa misa kila Jumapili na alikuwa na maoni yake. Lakini hakuna aliyemwuliza maoni. "Basi twende kwa wanaoijua kazi," alisema.

Katika kliniki ya serikali walipokewa na Sista Thembeka, muuguzi mnene mwenye miwani kifuani. Yeye aliongea Kiingereza, Victorine akatafsiri. Clémentine alipigwa picha ya tumbo na kupimwa damu na kundi la damu. Aliulizwa, akiwa peke yake na sista na mkalimani kwenye simu, kama kuna mtu anayemlazimisha. Kisha alisaini mwenyewe, kwa sababu chini ya wiki kumi na mbili sheria ya hapa inataka sahihi ya mwanamke tu. Akapangiwa Jumanne.

"Mwambie avae nguo pana," sista alisema, "alete pedi kubwa na orodha ya dawa anazotumia. Chakula chepesi ruhusa, kwa kuwa hatumpi dawa ya usingizi. Na aje na mtu wa kumrudisha nyumbani."

Victorine alipofika kwenye maneno hayo ya mwisho, Clémentine alimkatiza. "Ni yeye anasema nije na mtu, ama ni wewe?"

"Ni yeye."

Clémentine akaonyesha vidole viwili, watu wawili, akamtazama sista mpaka sista akatikisa kichwa kukubali.

Akaelezwa na mengine. Atapewa kidonge cha kulainisha mlango wa kizazi, angoje saa chache, apewe dawa ya maumivu. Kisha sindano ya ganzi, na mrija mwembamba utakaofyonza kilichomo. Dakika tano, pengine kumi. Tumbo litakaza kama la hedhi kali, damu itaendelea siku kadhaa, hata wiki mbili. Akijaza pedi mbili ndani ya saa moja, kwa saa mbili mfululizo, au akipata homa au uchafu wenye harufu, asingoje miadi, arudi mara moja.

Jumanne, kabla ya kuingia, Clémentine alimvuta Victorine kando.

"Dada, nishike mkono tu. Humo ndani usiongee."

Victorine hakuongea. Sista alionyesha kila kitu kwa vidole: sasa sindano, sasa utasikia kukaza, sasa pumua. Clémentine alibana macho na kuubana mkono wa Victorine hadi pete ikaingia nyamani. Ikaisha kabla maji ya chai ya wauguzi hayajachemka. Alipumzika saa moja chini ya uangalizi, akaomba kikombe cha chai hiyo, akakinywa chote.

Victorine aliikata laini ile kwa mkasi, akaenda kutoa taarifa polisi. Walimwambia baadaye kwamba chumba kilikutwa kitupu, sakafu imeoshwa, na nyuma ya mlango mdogo kulikuwa na kabati tu, la upana wa ndoo.

Baada ya wiki tatu Clémentine alipita dukani, mzima, damu imekata, akitaka sketi ipunguzwe kiuno. Victorine alimwonyesha kiti cha kando ya dirisha. Clémentine alikibeba, akakiweka mbele ya cherehani, uso kwa uso.

"Usinichukie, dada," alisema. "Ukiongea, lazima nikuone mdomo."

Victorine akaitikia kwa kichwa, akachukua kipimo, akaanza kumpima kimyakimya.